Timu ya Kadi za Mtandao: Hitilafu Iko Baina ya Seva na Swichi

Seva ya ofisi yenye kadi mbili za mtandao zilizounganishwa kuwa timu moja ikianza kusumbua, anayeshukiwa kwanza karibu kila mahali ni kadi. Huzimwa na kuwashwa, draiva yake husasishwa, kebo hubadilishwa, na mambo yakishindikana huagizwa kadi nyingine. Mara nyingi hali hubaki ile ile, au hutulia kwa muda kisha tatizo likarudi kwa sura mpya. Makala haya yanatetea mpangilio tofauti wa tuhuma. Kadi za mtandao huharibika, hilo halina ubishi, lakini kadi iliyokufa ndiyo hitilafu ambayo timu iliundwa kuistahimili, na kwa kawaida huistahimili vizuri. Kinachoiangusha timu ni kutoelewana kwa seva na swichi juu ya matumizi ya kebo zilizo baina yao. Kila upande una imani yake, kila upande unatenda sawasawa na imani hiyo, na pakiti za watumiaji zinapotelea katikati. Kazi ya fundi basi ni kuziuliza pande zote mbili zinaamini nini na kulinganisha majibu, kabla hajashika bisibisi.

Kutoelewana huku kuna chimbuko lake. Timu ya kadi huuzwa kwa ahadi mbili: kwamba kebo moja ikikatika huduma itaendelea, na kwamba kebo mbili za gigabiti moja zitakupa gigabiti mbili. Ahadi ya pili ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, waliunda kompyuta ya kwanza ya Beowulf kwa kuunganisha prosesa 16 za aina ya 486 DX4. Prosesa hizo zilikuwa na kasi kubwa kuliko uwezo wa Etherneti ya megabiti 10 kuzilisha, kwa hiyo Becker akaandika draiva iliyozitumia njia mbili za Etherneti kwa zamu: pakiti hii huku, inayofuata kule. Draiva ya bondi, kama timu ya kadi inavyoitwa kwenye Linux, iliyomo ndani ya mfumo huo hadi leo ina asili katika kazi hiyo, na hali yake namba 0 bado hugawa pakiti kwa zamu vilevile. Lakini zamu ina gharama. Pakiti mbili za mtiririko mmoja zikipita njia mbili, iliyoondoka nyuma inaweza kutangulia kufika. TCP ikiona mpangilio umevurugika hudhani kuna pakiti iliyopotea, huituma upya na kupunguza mwendo. Katika maabara ya watu wanaojua wanachofanya, gharama hiyo ilivumilika. Ofisini ni habari nyingine.

Kiwango cha kimataifa kilipoandikwa, njia hiyo ilizibwa. IEEE ilipitisha 802.3ad mwaka 2000, kisha mwaka 2008 ikakihamishia katika 802.1AX, na sharti mojawapo ni kwamba fremu za mtiririko mmoja zisipishane njiani. Namna rahisi ya kulitimiza sharti hilo ni kuubakiza mtiririko wote kwenye kebo moja. Kwa hiyo kila upande unapotuma huzichukua anwani zilizomo ndani ya fremu, huzipigia hesabu fupi, na jibu la hesabu ndilo linalochagua kebo. Anwani zile zile hutoa jibu lile lile daima. Ndiyo maana faili moja kubwa linalonakiliwa kutoka seva yenye kadi mbili za gigabiti moja, likipita katika muunganisho mmoja wa TCP, halizidi megabaiti 118 hivi kwa sekunde, sawa na kadi moja, hata timu ikiwa na afya kamili. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba timu haifanyi kazi ni hii tu, na hapo hakuna cha kutengeneza. Timu inafanya kile kile inachoagizwa na kiwango. Aliyekosea ni aliyejumlisha moja na moja akapata mbili.

Mpinzani makini atajibu kwamba ofisi haina mtumiaji mmoja. Ina watu 40 au 60, kila mmoja na mtiririko wake, na hesabu ikiwatawanya kwenye kebo mbili jumla itapanda. Ni kweli, na jibu hili linastahili kukubaliwa, ila kwa sharti moja ambalo wengi hawaliangalii: inategemea hesabu inaangalia anwani gani. Bondi ya Linux isipoambiwa vingine hutumia anwani za MAC. Watumiaji wakiwa kwenye mtandao mmoja na seva, kila mmoja ana MAC yake, na mgawanyo huwa wa kuridhisha. Wakiwa nyuma ya ruta, kwenye ghorofa nyingine au tawi jingine, seva haioni MAC zao kabisa. Inaona MAC ya ruta pekee. Anwani moja, jibu moja, kebo moja. Kebo ya pili italala hata kama watumiaji ni 500. Dawa ni kuiambia bondi itazame anwani za IP na namba za poti za TCP, jambo la mstari mmoja kwenye usanidi. Lakini hata dawa hiyo inatibu upande mmoja tu, kwa kuwa seva huchagua kebo ya kile inachokituma yenyewe. Kinachoingia huchaguliwa na swichi, kwa hesabu yake, na seva haina kauli juu yake. Catalyst 2960 ya Cisco, kwa mfano, isipobadilishwa huangalia MAC ya mtumaji. Kwa trafiki inayotoka kwenye ruta, hiyo ni MAC moja tena. Anayetazama grafu ataona kinachotoka kimegawanyika vizuri na kinachoingia kimerundikana upande mmoja, ataendelea kuichokonoa seva, na hatapata kitu, kwa sababu jibu liko kwenye swichi ambayo hajaifungua.

Kosa hilo hilo huingia hata katika upimaji. Chombo kinachopendwa ni iperf3, na fundi akitaka kuipima timu huanzisha mitiririko kadhaa kwa pamoja kutoka kompyuta moja. Mitiririko hiyo hutofautiana kwa namba za poti peke yake. Kama hesabu inaangalia MAC au IP bila poti, yote itaangukia kebo moja, na kipimo kitaonekana kuthibitisha ubovu ambao haupo. Kipimo cha haki hutoka kwenye kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja, huku mtu akisoma kaunta za kila kadi na za kila poti ya swichi. Kaunta hazina upendeleo: zinaonyesha kilichopita wapi, na kwa upande gani.

Tuje sasa kwenye kutoelewana kwenyewe, maana suala la kasi, pamoja na kelele zake zote, halimzuii mtu kufanya kazi. Chukua mchanganyiko huu. Swichi ilisanidiwa na mtu mmoja, pengine kampuni iliyofunga mtandao wa jengo. Seva ilisanidiwa na mwingine, pengine muuzaji aliyeileta baadaye. Wa kwanza aliziunganisha poti mbili kuwa kundi kwa amri isiyohitaji mapatano na yeyote: poti hizi ni kitu kimoja, basi. Wa pili akachagua hali ya akiba, namba 1 kwenye Linux, ambamo kadi moja hufanya kazi na nyingine husubiri. Ukimkagua kila mmoja peke yake, hakukosea. Lakini swichi inaamini kebo zote mbili ni hai, hivyo inazigawia fremu zinazoelekea seva. Seva inaamini kebo ya pili imepumzika, hivyo inazitupa fremu zinazoingilia huko. Mtumiaji aliyeangukiwa na kebo ya kwanza anapata huduma bila dosari. Aliye meza ya jirani, mwenye kompyuta ya aina ile ile, haipati seva kabisa. Si kwamba ni polepole, wala si mara moja moja, haipati.

Dalili hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote katika uchunguzi wa timu. Hitilafu inayowagawa watumiaji katika makundi mawili thabiti, wanaopata na wasiopata, ni nadra sana itokane na kadi. Kadi mbovu haichagui watu. Hesabu ya swichi ndiyo inayochagua. Na kama swichi inapiga hesabu kwa anwani za IP, kompyuta isiyopata ikibadilishiwa anwani inaweza kupata ghafla. Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba ilikuwa shida ya IP, wakafunga jalada, na kuacha nusu ya anwani za ofisi zikiwa mtego kwa kompyuta zijazo. Badiliko lile lile, likisomwa kwa jicho jingine, lilikuwa ushahidi kamili: kitu fulani njiani kinachagua kwa kuangalia anwani, na kimoja kati ya vinavyochaguliwa hakifiki.

Mchanganyiko wa kinyume una sura tofauti. Seva inaamini kuna kundi na inatuma kwa kadi zote mbili ikitumia MAC moja. Swichi haina habari ya kundi lolote. Kwa swichi, MAC ni mali ya poti moja. Inaiona poti ya 5, inaiandika. Sekunde hiyo hiyo inaiona poti ya 6, inafuta na kuandika upya. Swichi inayosimamika itaandika kwenye logi kwamba anwani inahamahama baina ya poti, na onyo hilo likisomwa na anayejua maana yake uchunguzi umekwisha. Swichi za bei nafuu zisizo na usimamizi, ambazo ndizo zilizojaa katika ofisi ndogo, hazina logi wala pa kuingilia. Zinavumilia kimya kimya, na ofisi inaishi na mtandao unaosuasua bila sababu inayoonekana. Seva yoyote iliyochomekwa kwenye swichi ya namna hiyo haina haki ya kuwekwa katika hali inayotaka ushirikiano wa swichi, kwa kuwa hakuna wa kushirikiana naye. Windows Server hulizingatia hili katika hali yake isiyotegemea swichi: ikigawa trafiki kwa hesabu ya anwani, kadi zisizo kuu hutuma kwa MAC zao zenyewe ili swichi isichanganyikiwe. Gharama yake ni kwamba kinachoingia chote huja kwa kadi kuu, na ni gharama nafuu.

Kuna pia seva inayotaka mapatano ya LACP, itifaki ambayo pande mbili huitumia kukubaliana juu ya kundi, na swichi isiyojibu. Hapa Linux hufanya jambo linalopotosha kwa upole wake. Kila kadi huwekwa kwenye kundi lake peke yake, kundi moja huchaguliwa kutumika, na maisha huendelea. Hakuna anayelalamika. Ni mpaka mtu afungue faili la hali ya bondi chini ya /proc/net/bonding ndipo ataona kwamba anwani ya mwenza ni sifuri tupu, kumaanisha kwamba seva imekuwa ikizungumza peke yake tangu siku ilipowashwa. Faili hilo hilo hufichua kosa la kebo mbili zilizochomekwa kwenye swichi mbili zisizojuana. Msimamizi alitaka kujikinga na kifo cha swichi, nia njema, lakini LACP huhitaji mwenza mmoja. Swichi mbili zisizounganishwa kuwa mashine moja kimantiki ni wenza wawili, na kadi huonekana katika makundi yenye namba tofauti. Upande wa pili, swichi inayosubiri LACP kutoka kwa seva isiyoijua hutenda kulingana na modeli: nyingine huiacha poti ifanye kazi peke yake, nyingine huisimamisha. Ndiyo maana seva inayopakia mfumo wake kupitia mtandao inaweza kukwama kabla hata mfumo haujaamka, kwa kuwa katika hatua hiyo hakuna programu ya kuzungumza LACP.

Katika mifano yote hii swali lililofumbua jambo ni moja: upande huu unaamini nini, na upande ule unaamini nini? Imani hiyo haipatikani kwenye hati za mradi. Hupatikana kwa kuiuliza mashine yenyewe. Kwenye Cisco, amri ya kuonyesha muhtasari wa makundi huweka herufi karibu na kila poti: P ni poti iliyoingia kundini, I ni iliyobaki peke yake, s ndogo ni iliyosimamishwa, D ni iliyokufa. Kwenye Windows amri ya Get-NetLbfoTeam hutaja hali ya timu na namna ya ugawaji. Dakika kumi za kuziweka kurasa hizi mbili kando kando huokoa siku nzima ya kubadilisha kebo. Kinachozuia dakika hizo kumi mara nyingi hakihusiani na teknolojia: nywila ya swichi iko kwa mkandarasi aliyeondoka, na ofisi haijawahi kuiomba.

Imani nyingine iliyojificha ni ile ya uzima wa kebo. Timu hujuaje kwamba njia imekufa? Njia ya msingi ni kutazama kama kuna ishara ya umeme kwenye kebo. Bondi ya Linux hupewa kipindi cha kutazama ishara hiyo kwa milisekunde, na kwa miaka mingi thamani yake ya awali ilikuwa 0, yaani isitazame kabisa. Matokeo yake ni timu ya akiba iliyosanidiwa vizuri katika kila kitu isipokuwa kimoja: haijui kamwe kwamba imefikwa na maafa. Hata ikitazama, ishara hueleza habari za kifaa cha karibu tu. Kati ya seva na swichi kukiwa na kigeuzi cha fiba, kigeuzi kitaendelea kutoa ishara hata fiba ya nyuma yake ikikatwa, na seva itaendelea kumimina pakiti shimoni. Kwa hali ya akiba dawa ni kuiagiza bondi iulize anwani fulani kwa ARP mara kwa mara, tuseme lango la mtandao, na ihamie kadi ya pili isipojibiwa. Kwa makundi dawa ni LACP, ambayo hutumana salamu: kila sekunde 30 katika mwendo wa polepole, kila sekunde 1 katika mwendo wa haraka, na salamu tatu zikikosekana kebo huondolewa. Hesabu hiyo inatoa sekunde 90 au sekunde 3. Linux huanza na mwendo wa polepole. Sekunde 90 za ukimya zinatosha programu ya mauzo kukata miunganisho yote na watu kuanza kupiga simu, kisha fundi akifika akute kila kitu ni kizima.

Kurudi kwa kebo nako kunastahili kuogopwa kama kukatika kwake, na pengine zaidi, maana hakuna anayekutarajia. Swichi inayotumia itifaki ya zamani ya kuzuia mizunguko, 802.1D, haianzi kupitisha trafiki mara poti inapoamka. Husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine. Timu iliyoambiwa irudie kadi yake kuu pindi inapopata ishara itarudi papo hapo, na kwa sekunde 30 itakuwa imehamia kwenye poti iliyofungwa. Kebo ilikatika, hakuna aliyejua. Kebo ikapona, ofisi nzima ikasimama. Umeme unapokatika na kurudi, kama ilivyo desturi ya miji yetu mingi, mchezo huu hujirudia kwa sura kubwa zaidi, kwa kuwa seva na swichi haziamki kwa mwendo mmoja. Tiba ni mbili na zote ni rahisi: kuiambia swichi kwamba poti hizo zina seva, zisisubiri, na kuiambia bondi icheleweshe kuiamini kebo iliyofufuka.

Yapo matatizo yanayovaa sura ya timu na si yake, na haki inataka yatajwe. Gigabiti moja juu ya kebo ya shaba huhitaji jozi zote nne za nyaya, megabiti 100 huhitaji jozi mbili. Jozi moja ikilegea, kadi inaweza kushuka kimya hadi megabiti 100, na kwa kuwa kundi la LACP hutaka kasi moja, kadi hiyo hubaki nje. Hapo kebo ndiyo mkosaji, nami nakubali. Kwenye seva za Hyper-V za kizazi cha Windows Server 2012, kadi za gigabiti moja za Broadcom zilizoachiwa kipengele cha foleni za mashine pepe zilizifanya mashine hizo ziburute miguu, na wengi waliivunja timu bure kabla ya kugundua kwamba kukizima kipengele hicho kulitosha. Kuna pia kadi mzimu: timu ikivunjwa vibaya, Windows hubaki ikikumbuka kadi isiyokuwepo tena, na ukitaka kuirudisha anwani ya IP unaambiwa inatumika na kadi iliyofichwa. Na timu huazima MAC ya mmoja wa wanachama wake. Mwanachama huyo aking'olewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine ya mtandao ule ule, MAC moja itakuwa mahali pawili, na hakuna swichi itakayolifurahia hilo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo wangu ni hii: ikiwa tatizo ni kukosa makubaliano, LACP si ndiyo itifaki ya makubaliano? Basi kila mtu aitumie, mjadala uishe. Nakubali nusu. Kati ya kundi la kulazimisha, lile lisilohitaji mapatano, na kundi la LACP, la LACP ni bora mno. Linagundua kebo iliyochomekwa poti siyo, linagundua upande wa pili usiojua lolote, na linagundua njia inayotoa ishara bila kupitisha kitu. Kundi la kulazimisha halina utetezi wowote isipokuwa pale kifaa kinapolihitaji, kama swichi pepe ya kawaida ya VMware inapogawa kwa hesabu ya IP. Lakini LACP hukubaliana juu ya uanachama wa kundi, basi. Haikubaliani juu ya hesabu ya kugawa, haikubaliani juu ya VLAN zipi zipite, na haimwambii mtu yeyote kwamba mwanachama mmoja ametoka. Zaidi ya hayo, waundaji wenyewe wameanza kulikwepa suala la makubaliano. Microsoft ilileta timu ndani ya Windows Server 2012 ikiwa na uwezo wa kadi hadi 32 na hali tatu, mbili kati yake zikihitaji swichi. Mwaka 2016 ikaleta aina ya pili, iliyomo ndani ya swichi pepe ya Hyper-V, yenye kadi zisizozidi 8 na hali moja tu, isiyotegemea swichi, LACP haimo. Kufikia Windows Server 2022, swichi pepe haikubali tena kuwekwa juu ya timu ya zamani mpaka uilazimishe. Kwa upande wa mafaili, itifaki ya SMB 3.0 hufungua yenyewe miunganisho kadhaa juu ya kadi kadhaa, na kwa diski za iSCSI kuna utaratibu wake wa njia nyingi. Vyote viwili hutoa kasi ambayo timu iliahidi, bila kuihitaji swichi ijue chochote. Mwelekeo huo unasema waziwazi mahali wahandisi walipoliona tatizo.

Ukimya ndio dosari ambayo hakuna itifaki inayoitibu. Timu yenye afya ikipoteza kadi moja haisikiki. Windows huibadilisha hali ya timu ikaonyesha imepungukiwa, Linux huandika mstari mmoja kwenye logi, na wote wawili husubiri mtu atazame. Asipotazama, ofisi huendesha kazi kwa kadi moja kwa muda wowote ule ikidhani inazo mbili, na siku ya pili ikikatika itaonekana kana kwamba timu imeshindwa, ilhali ilishafanya kazi yake kitambo na kuishiwa. Akiba yenyewe nayo hukaguliwa vibaya: kadi mbili ambazo ni poti mbili za kadi moja, kebo mbili zinazopita kwenye bomba moja, swichi moja, UPS moja. Hapo kilichoongezwa ni idadi tu. Jaribio la kweli ni kuchomoa kebo moja saa isiyo ya kazi, kungoja, kuirudisha, kungoja tena, kisha kuchomoa nyingine, huku kompyuta kadhaa zikiendelea kuita seva. Na kuirudisha kebo kutazamwe kwa makini kuliko kuichomoa.

Wapo watakaosema ofisi ndogo iachane na timu kabisa. Kwa ofisi ya watu 15 yenye swichi isiyosimamika, sina ubishi mkubwa: kadi moja inayoeleweka inashinda mbili zisizoeleweka, ingawa hali ya akiba isiyotegemea swichi haigharimu kitu na huokoa siku kadi inapokufa. Ninachokataa ni kuivunja timu kama njia ya uchunguzi. Huduma hurudi, ushahidi hufutika, na nusu ya makubaliano hubaki kwenye swichi. Aliyeivunja timu kwenye seva akaliacha kundi la kulazimisha kwenye swichi amejitengenezea upya hitilafu ile ile ya watumiaji wanaopata na wasiopata, safari hii bila timu ya kulaumu. Kama ni lazima ivunjwe, zihifadhiwe kwanza kurasa za hali kutoka pande zote mbili. Kisha ichomolewe kebo ya pili, ili swichi ibaki na njia moja tu ya kuchagua. Lifuate kundi la swichi kuondolewa, na timu ya seva iwe ya mwisho. Anayefanya hivyo na awe amekaa mbele ya seva yenyewe, au kwenye mlango wake wa usimamizi wenye kebo yake, kwa kuwa aliyeingia kwa mbali kupitia timu anayoivunja atapoteza skrini kabla hajaandika anwani mpya.